Mafindofindo na Madhara Yake Mwilini

Kama kuna mmoja wenu ambaye koo linamkereketa anaposoma maneno haya, basi makala haya ni yake kwanza kabla ya kuwa yetu sote.

Muhula wa pili, baridi ya Juni na Julai inapotutia mikono mifukoni, foleni ya kwa nesi huwa ndefu, na wengi katika foleni hiyo hushika shingo. Ukimuuliza mtu anaumwa na nini, hukujibu kwa sauti ya kukwaruza, "Si kitu, ni koo tu." Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mara nyingi ni kweli, koo ni koo tu: linauma siku nne tano kisha linapona. Lakini zipo siku ambazo koo si koo tu, na mtu akiangalia juu juu hawezi kuona tofauti.

Tuanze na majina, maana sisi ni watu wa Kiswahili hata kabla hatujawa madaktari. Utasikia mtu akisema, "Leo nina tonsili." Kwani jana hakuwa nazo? Tonsili ni viungo vya mwili kama vile pua na masikio, na kila mtoto huzaliwa nazo. Ugonjwa wa kuvimba kwa viungo hivyo ndio uitwao mafindofindo. Kwa hiyo sema unaumwa na mafindofindo, au sema tonsili zako zimevimba. Tena kuna kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati kule nyuma ya kinywa kama ulimi wa kengele. Hicho si tonsili. Hicho ni kilimi, na wengine hukiita kidakatonge, jina ambalo mimi nalipenda sana, maana ni kama kinakaa pale kudaka tonge lisipotee njia. Ishike vizuri tofauti ya tonsili na kilimi, kwa sababu huko mbele nitaeleza jinsi watoto wanavyoumizwa na watu wasioijua.

Chukua kioo, simama penye mwanga wa dirisha, fungua kinywa na useme "aaa". Kushoto na kulia kwa kilimi, nyuma kabisa, utaona vinundu viwili vya rangi ya waridi vimekaa ukutani kama mabawabu wawili mlangoni. Hizo ndizo tonsili. Ngozi yake si laini kama shavu la ndani, ina mashimo madogo yanayoingia ndani, kumi hadi ishirini hivi kwa kila tonsili. Wengine huona punje nyeupe zenye harufu mbaya zimekwama humo wakadhani wameoza koo. La hasha! Punje hizo ni mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria, vyote vikiwa vimegandamana. Zinakera, lakini peke yake si ugonjwa.

Sasa mabawabu hao wanalinda nini? Hewa yote tunayovuta na chakula chote tunachokula hupita mbele yao, pamoja na vijidudu vilivyomo. Mashimo yale ni mitego. Kijidudu kikinaswa humo, seli nyeupe za damu hukikagua na kuujulisha mwili sura yake, nao mwili huunda kingamwili za kupambana nacho. Mwaka wa 1884 Mjerumani Heinrich Wilhelm Waldeyer alieleza kwamba tonsili hizi mbili haziko peke yake. Kuna nyingine nyuma ya pua na nyingine kwenye shina la ulimi, na zote pamoja zinazunguka njia ya hewa na chakula kama pete. Kazi hii huwa kubwa zaidi utotoni, wakati mwili bado unajifunza kuwatambua maadui zake. Baada ya kubalehe tonsili huanza kusinyaa polepole. Ndiyo maana ndugu zetu wadogo wa shule ya msingi huugua mafindofindo kuliko babu zetu.

Bawabu anayekamata wezi kila siku, iko siku atapigwa. Anayempiga mara nyingi ni virusi, vile vile vinavyoleta mafua. Hapa naomba tuelewane: viuavijasumu, yaani dawa kama penisilini na amoksilini, haviwezi kuua virusi. Ukimeza amoksilini kwa koo la virusi utapona siku ile ile ambayo ungepona kwa maji na usingizi, kisha utaisifu dawa bure. Anayefuata ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 15 wanaoumwa koo, kati ya 20 na 30 katika kila 100 huwa na bakteria huyu. Kwa watu wazima ni 5 hadi 15 tu katika kila 100. Sisi wa sekondari tuko karibu sana na lile kundi la kwanza.

Je, utawatenganishaje? Bila kipimo huwezi kuwa na hakika, hata daktari hawezi. Lakini zipo ishara. Koo la virusi aghalabu huja na jamaa zake: kikohozi, makamasi, sauti kukauka, macho kuwasha. Koo la streptokokasi huja ghafla. Asubuhi mtu alikuwa gwarideni akiimba wimbo wa taifa, jioni hawezi kumeza mate. Homa hupanda. Tezi zilizo chini ya taya, mbele ya shingo, huvimba na kuuma ukizigusa. Tonsili huwa nyekundu na kuvimba, mara nyingi zikiwa na madoa meupe au ya manjano. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii: kikohozi hakuna. Kwa hiyo yule anayekohoa bweni zima likakosa usingizi, ambaye sote tunamhurumia, pengine ana hatari ndogo kuliko yule aliyelala kimya upande wa pili akikataa uji.

Kuna kirusi kimoja ambacho siwezi kukipita bila kukitaja, kwa sababu historia yake imepitia hapa Afrika Mashariki. Kinaitwa Epstein-Barr. Huleta mafindofindo makali kwa vijana wa umri wetu, uchovu wa majuma kadhaa, na wakati mwingine uvimbe wa wengu, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto. Kiligunduliwa London mwaka wa 1964 ndani ya seli za uvimbe wa saratani ya watoto, na vipande vya uvimbe huo vilikuwa vimesafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, alikokuwa akifanya kazi daktari Denis Burkitt. Mgonjwa wa kirusi hiki akipewa amoksilini mara nyingi hutokwa na vipele mwili mzima. Pia huonywa asicheze mpira wala michezo ya kugongana mpaka daktari amruhusu, maana wengu uliovimba ukipigwa kiwiko unaweza kupasuka. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutojitibu kwa kubahatisha.

Kwa zile siku chache za ugonjwa wenyewe, mwili mzima huhusika. Homa ni mwili kujipasha moto ili kupigana. Kichwa huuma. Watoto wadogo hulalamika tumbo na hata kutapika, mama akadhani ni chakula kibaya. Sikio huuma ingawa sikio lenyewe ni zima, kwa sababu neva za koo na za sikio zinachanganya habari zake njiani. Kinywa hunuka. Na kwa kuwa kumeza ni kama kumeza kokoto, mtu huacha kunywa maji, na huku homa inamkausha. Kizunguzungu kinachomwangusha mgonjwa bafuni mara nyingi hutokana na kiu, si na vijidudu.

Tonsili zikikaa zimevimba miezi na miaka, huziba njia ya hewa usiku. Mtu hukoroma, pumzi inakatika kidogo, anashtuka, anarudi kulala, hata mara nyingi kwa usiku mmoja, na asubuhi hakumbuki lolote. Darasani anasinzia. Mwalimu anamsimamisha nyuma, alama zinashuka, anaambiwa ni mvivu. Sisemi kwamba kila anayesinzia katika kipindi cha Jiografia ana tonsili kubwa. (Wengine wetu tunajijua.) Lakini anayekoroma kila usiku na kuamka amechoka kila siku anastahili kutazamwa koo kabla ya kuadhibiwa.

Bakteria wakivuka ukuta wa tonsili, usaha unaweza kujikusanya kando yake na kuwa jipu. Dalili zake hazijifichi. Maumivu huhamia upande mmoja, taya hukaza mtu asiweze kufungua kinywa vizuri, sauti huwa kama ya mtu aliyejaza viazi moto mdomoni, na mate humtoka kwa kuwa hawezi kuyameza. Huyo hangojei asubuhi, wala hangojei mwalimu wa zamu amalize chakula. Ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo, jipu litobolewe kabla halijaziba pumzi.

Hayo yote hutokea kooni au karibu na koo. Lile lililonitia hofu mimi hutokea mbali.

Nina binamu, mtoto wa shangazi yangu. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja aliumwa koo, akanunuliwa tembe chache za rangi mbili katika duka la jirani, zile zinazohesabiwa na kufungwa kwenye karatasi. Siku ya pili akawa mzima, zilizobaki akazitia chini ya godoro. Majuma matatu baadaye goti likavimba. Kesho yake goti likapoa, kifundo cha mguu kikashika moto. Kisha kiwiko. Wakubwa wakasema mtoto anakua, wengine wakasema ni mpira. Maumivu yakaondoka yenyewe na kila mtu akasahau. Miaka miwili ilipita. Yule winga ambaye hakuna beki aliyemshika katika tarafa nzima akaanza kusimama katikati ya uwanja, mikono magotini, akihema. Daktari aliweka kipimo kifuani akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamtuma kupigwa picha ya moyo. Vali moja ya moyo ilikuwa imeharibika, inavuja. Siku niliyomtembelea aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku hiyo: "Kwani koo na moyo zinajuana?"

Hazijuani, ila zimefanana na adui mmoja. Juu ya ngozi ya streptokokasi kuna protini ambazo umbo lake linakaribia umbo la chembechembe za moyo wetu, za viungo vyetu na za ubongo wetu. Fikiria mwizi aliyeingia shuleni akiwa amevaa sare yetu. Askari wanaambiwa, "Mkamateni mwenye sweta ya kijani." Mwizi anakamatwa, au anatoroka, lakini amri haijafutwa, na askari wanaanza kuwapiga wanafunzi. Ndivyo kingamwili zilizoundwa kumwinda bakteria zinavyougeukia mwili. Jambo hili huanza kwa kawaida majuma mawili hadi manne baada ya koo, wakati mgonjwa amepona na hakumbuki kwamba aliumwa. Huitwa homa ya baridi yabisi. Viungo vikubwa huvimba kimoja baada ya kingine kama alivyovimba binamu yangu. Wengine, hasa wasichana, hupatwa na mikono inayocheza yenyewe: kikombe kinamwagika, mwandiko unaharibika, uso unakunjamana bila kutaka. Watu wakasema amepagawa, wakampeleka kuombewa, kumbe ni koo la miezi iliyopita.

Magoti hupona, na hata mikono ile hutulia. Moyo ndio usiosahau. Moyo una milango minne, yaani vali, inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka, nayo hufunguka na kufungika kama mara 100,000 kwa siku. Vali inayoshambuliwa zaidi ni ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ikivimba na kupona, ikavimba tena na kupona, hubaki na makovu kama ngozi iliyoungua, na mlango wenye makovu haufungi vizuri au haufunguki vizuri. Damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni. Mtu huchoka kwa kupanda ngazi, hulala ameegemea mito miwili mitatu, miguu huvimba jioni. Damu ikituama moyoni huweza kuganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, mtu hupooza upande mmoja angali kijana. Kwa mwanamke, ugonjwa mara nyingi hujitokeza akiwa mjamzito, kwa sababu damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na mlango mbovu hauwezi kuipitisha.

Msije mkadhani natia chumvi. Koo la streptokokasi lisipotibiwa si lazima lilete haya. Hata wakati wa mlipuko, wanaopatwa na homa ya baridi yabisi ni kama 3 tu katika kila 100. Utasema ni wachache. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka nilipozidisha kwa idadi ya makoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu wa vali, na kwamba huua watu karibu 360,000 kila mwaka. Mwaka wa 2018 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote zipambane nao. Katika nchi tajiri umekuwa adimu. Ni ugonjwa wa nyumba zilizosongamana na zahanati zilizo mbali, yaani ni ugonjwa wetu. Wale wanaokumbuka zile mbio za Nairobi zilizoanza miaka ya 1990 kuchangisha fedha za upasuaji wa moyo kwa watoto, waliona fulana tu zikipita barabarani. Baadhi ya mioyo ya watoto iliyokuwa ikingoja upasuaji nchini iliharibiwa na koo.

Dawa ya kuzuia yote hayo ilijulikana kitambo, na ilijulikana katika mahali panapofanana sana na bweni letu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, makurutu wa jeshi la anga la Marekani walikuwa wakilala katika mabweni makubwa kwenye kambi ya Francis E. Warren, jimbo la Wyoming, penye baridi kali, na makoo yalikuwa hayaishi. Daktari Charles Rammelkamp na wenzake waliwapa baadhi ya wagonjwa penisilini na wengine hawakuwapa, kisha wakangoja majuma kadhaa waone nani atapatwa na homa ya baridi yabisi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1950: waliotibiwa kwa penisilini waliipata kwa nadra sana wakilinganishwa na wale wengine. Kazi hiyo ilitunukiwa tuzo la Lasker mwaka wa 1954. Leo hatuwezi kukubali mgonjwa anyimwe dawa ili tutazame litakalompata, na ni vizuri kwamba hatukubali. Lakini kila mtoto anayedungwa penisilini kwa ajili ya koo lake anakula matunda ya makurutu wale.

Hawakuishia hapo. Walitaka kujua bakteria husafirije. Wakawapa makurutu wazima blanketi zilizotoka kwa wagonjwa, zikiwa bado na bakteria. Hazikuwaambukiza. Wakapima umbali wa vitanda, na hapo ndipo jibu lilipokuwa: kadiri kitanda chako kilivyo karibu na cha mwenye bakteria, ndivyo unavyozidi kuwa hatarini. Bakteria husafiri na mate na pumzi ya mtu aliye hai aliye karibu nawe, akikohoa, akicheka, akikunong'oneza habari za jana. Hebu tutazame mabweni yetu, vitanda vya ghorofa vikiwa bega kwa bega. Nafasi hatuna, hilo nalijua, na si kosa la mtu mmoja. Ila tunaweza kulala kichwa cha mmoja kikielekea kwenye miguu ya jirani yake, ili pumzi zisikutane. Tunaweza pia kufungua madirisha mchana. Kikombe kimoja cha uji kinachozungushwa watu wanne, chupa moja ya maji kwa timu nzima, filimbi ya kiranja inayopulizwa na kila mtu: hayo tunaweza kuyaacha bila kuongeza jengo.

Kuhusu matibabu, kuna tarakimu mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni 9. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi. Kwa hiyo aliyeanza kuumwa Jumatatu na leo ni Jumamosi hajachelewa, asikate tamaa, lakini pia asingoje siku ya kutembelewa na wazazi. Ya pili ni 10. Tembe za penisilini humezwa siku 10 kamili, ingawa maumivu huisha siku ya tatu. Maumivu yakiisha, bakteria wamepungua, hawajakwisha. Asiyejiamini kumeza siku zote hizo anaweza kuomba sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini majuma kadhaa. Inauma, siwezi kudanganya, makalio hukumbuka siku mbili. Lakini inaisha hapo. Aliye na mzio wa penisilini amwambie nesi mapema, ziko dawa nyingine. Na hapa kuna bahati isiyo ya kawaida. Wakati vijidudu vingi vimeshaizoea dawa, streptokokasi wa kundi A hadi leo hajajifunza kuishinda penisilini. Dawa ya zamani ingali inafaa.

Mtu ambaye tayari amepata homa ya baridi yabisi hali yake ni nyingine. Kila koo jipya humharibia vali zaidi, basi hudungwa sindano hiyo kila baada ya majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Binamu yangu yumo katika kundi hili. Kuna mwenzetu anayetoka shuleni kila mwezi kwenda hospitali na watu wakasema anapenda matembezi? Tumwache.

Figo nazo zina sehemu yake. Siku kumi hivi baada ya koo, kuna watoto wanaoamka nyuso zimevimba macho hayafunguki vizuri, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Zile kingamwili zimekwama katika vichujio vya figo. Wengi wao hupona kabisa, lakini shinikizo la damu linaweza kupanda kwa ghafla, kwa hiyo ni jambo la hospitali, si la kungojea.

Sasa nirudi kwenye kilimi kama nilivyoahidi. Katika sehemu kadhaa za Kenya, Tanzania na Ethiopia, mtoto akikohoa sana, akitapika au akikataa kunyonya, husemwa kilimi chake kimekuwa kirefu, akapelekwa kwa fundi wa kukata. Nawaheshimu wazee wetu, na najua dawa nyingi za miti zina maana yake. Hili hapana. Kilimi hakileti kikohozi, na kukikata hakuponyi tonsili, ambazo ziko pembeni na hazikuguswa. Kisu kinachotumiwa kwa watoto wengi huambukiza maradhi. Watoto wametokwa na damu mpaka wakaishiwa, wengine wamepata pepopunda. Na huku kilimi kinakatwa, zile siku 9 zinahesabika. Kama nyumbani kwenu bado jambo hili hufanywa, mwenye kuweza kuzungumza na shangazi au nyanya kwa adabu azungumze, pengine kabla ya mjukuu anayefuata.

Kwa koo la kawaida, tiba ya bwenini inatosha. Futa nusu kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, sukutua, uteme. Haliui kijidudu hata kimoja, lakini linapunguza uvimbe. Meza parasetamoli kwa kipimo. Aspirini si ya walio chini ya miaka 16. Asali na maji ya moto ni kinywaji kizuri, uji usio moto sana hupita kuliko githeri, na maji, maji, maji. Mweleze nesi ukweli: liliuma tangu lini, unakohoa au hukohoi, umeshameza nini. Ukiona utando wa kijivu umefunika koo, au pumzi inakwaruza, au shingo imevimba sana, ni dharura. Huenda ni dondakoo, ambalo chanjo za utotoni limelifanya lionekane kwa nadra, si kwamba limekwisha duniani.

Limebaki swali ambalo wengi waliniuliza waliposikia naandika makala haya: kwa nini tusizitoe tu? Wazo hilo si geni. Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza, alieleza namna ya kuzitoa tonsili kwa kidole, bila dawa ya usingizi tunayoijua leo. Siku hizi hutolewa mgonjwa amelala fofofo, lakini si kwa kila mtu. Kipimo ambacho madaktari wengi hutumia ni makoo makali 7 kwa mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Pia hutolewa kama zinaziba pumzi usiku. Chini ya hapo, afadhali kungoja zisinyae zenyewe. Aliyetolewa hakosi kinga, maana pete ile ya Waldeyer ina tonsili nyingine na mwili una mamia ya tezi. Koo humuuma juma moja hadi mawili, hula vitu laini, na hatari kubwa ni kutokwa na damu, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati utando mweupe wa kidonda unapobanduka. Damu mbichi ikionekana, hata kama ni siku ya nane na kila mtu ameshasahau kwamba alipasuliwa, hurudishwa hospitali saa hiyo hiyo.